Mungu Akupe Afya

Jumapili, 6 Machi 2022

Wiki ya tatu hapa mtaa wa Luwaibda, Amman, na ofisini bado jina langu ni "wewe mwanagenzi". Sawa tu. Haya ni mafunzo yangu ya tatu tangu nianze chuo. Ya kwanza, jumba la sanaa: miezi miwili nabandika anwani kwenye bahasha. Ya pili, ukumbi wa harusi: picha za keki, keki, keki tena — ila hapo nilijifunza saa gani watu wa Amman hushika simu zao. Sasa niko kwenye kampuni ya uhusiano wa umma yenyewe, ghorofa ya nne bila lifti. Leo Bi Rudaina, mwenye kampuni, kasoma maneno niliyoandika chini ya picha ya duka la miwani. Kacheka! Halafu kabadilisha neno moja tu. Nimemtumia mama picha ya skrini. Kajibu: Mungu akukinge na kijicho, umekula?

Jumatano, 9 Machi

Mteja mkubwa. Haji Zuhdi, mwenye kiwanda cha sabuni na mafuta ya mikono, anafungua duka Casablanca. Kampeni nzima ni picha za mikono ya watu wa kazi wa huko — mwokaji, fundi viatu, mama anayefuma mazulia — na juu ya kila picha, kwa herufi kubwa: Mungu Akupe Afya. Salamu yetu kwa kila mtu mwenye kazi mkononi. Nani asiyeisema? Haji anasema ndivyo baba yake alivyowaaga wafanyakazi kila jioni kwa miaka arobaini, na neno jingine halitaki. Machozi yalimlengalenga. Mutasim, anayenisimamia, akasema hiyo ni dhahabu tupu.

Mimi nikamkumbuka Ghizlan.

Wifi yangu, mke wa kaka Murad, katokea Meknes, huko huko Moroko. Alipokuja kwetu, kila akiosha vyombo mama humwambia Mungu akupe afya. Siku ya nne tukamkuta jikoni analia, begi limefungwa. Kumbe kwa Kiarabu cha kwao neno afya maana yake ni moto! Mama mkwe anamwombea moto mara tatu kwa siku, na kila mara anatabasamu.

Nikamnong'oneza Mutasim. Kasema Wamoroko wanatazama tamthilia zetu, wanaelewa. Kasema pia kazi ya mwanagenzi ni masikio, si mdomo. Nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao. Leo sijajipenda hata kidogo.

Alhamisi, 17 Machi

Nimepewa nywila! Mutasim kaenda Aqaba kwenye posa ya binamu yake, Bi Rudaina yuko kwenye ndege ya Dubai. Picha kumi na mbili ziko tayari, zitoke saa tano kamili asubuhi. Kazi yangu kubonyeza. Miaka mitatu ya chuo, bahasha na keki, na sasa ukurasa wa mteja mzima uko chini ya kidole changu.

Saa tano kasoro dakika kumi nikaitazama ile mikono ya mwokaji, imeungua hapa na pale, na juu yake tunamwombea moto. Maji yakimwagika hayazoleki. Posti nayo, watu wakishaipiga picha ya skrini, hata ukiifuta ipo.

Mutasim hapokei. Nikajikaza kisabuni. Sikubonyeza.

Nikamwandikia Bi Rudaina kila kitu, mistari minane, bila kujitetea. Alipotua akapiga. Hakupaza sauti, ndiyo mbaya zaidi.

"Tahani, nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna, Bi Rudaina."

"Huenda uko sahihi. Lakini Haji kalipia saa tano, hakulipia maoni yako. Jumapili anakuja. Utamweleza mwenyewe, mimi sikufichi."

Barua yangu ya mafunzo iko mezani kwake, haijasainiwa. Bila saini chuo hakinihesabii saa hata moja, na Juni wenzangu watavaa majoho mimi nikiwapigia makofi. Naogopa. Lakini najivuna pia, siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumamosi, 19 Machi

Mama kapika makluba, ule wali wa nyama wa kupindua. Kaipindua sufuria nzima kwenye sinia bila wali kuvunjika, tukampigia makofi. Kisha nikakaa na Ghizlan kwenye zulia, karatasi katikati. Nikamuuliza, kwenu mtu wa kazi anaambiwaje? Akasema: Mungu akupe siha. Basi? Basi. Neno moja tu!

Mama akasema yeye habadilishi, ataendelea kumwombea moto, maana tangu Ghizlan aje jiko halijapoa. "Na wewe, mama," wifi akajibu, "uungue salama." Murad alicheka mpaka wali ukampalia.

Nimeandika siha kwa mwandiko wangu mzuri. Mara nne, nikachagua moja.

Jumapili, 20 Machi

Saa nne na nusu. Mutasim karudi, hanitazami. Amesema tu kwamba angekuwepo mambo yangeenda kwa wakati. Kweli, yangeenda.

Saa tano. Haji amefika. Nilimsikia anahema tangu ghorofa ya pili. Hakwenda kwa Bi Rudaina, alikuja mezani kwangu moja kwa moja. Watu wote wakaacha kuandika.

"Ndiwe uliyezuia matangazo yangu?"

"Ndiyo, Haji."

Nikampa karatasi, nikamsimulia habari ya wifi yangu na begi lake. Akasoma lile neno moja kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji.

"Baba yangu hakuwahi kusema siha."

"Baba yako aliwaaga watu wake kwa neno lililowafurahisha, Haji."

Mutasim akakohoa. Bi Rudaina alikuwa kasimama mlangoni kwake, barua yangu mkononi — niliitambua kwa muhuri wa chuo. Haji akaikunja karatasi yangu, akaitia mfuko wa koti. Akauliza jina langu. Nikamwambia.

Akaenda. Alipofika mlangoni kwa Bi Rudaina akageuka, ofisi nzima inasikia.

"Mungu akupe afya, Tahani."

Akaingia, mlango ukafungwa. Dakika ishirini sasa. Naandika ili mikono isikae bure. Mutasim kaniuliza, kwa mara ya kwanza kwa jina, Haji alivyosema vile alikuwa anatabasamu? Alikuwa anatabasamu. Ila mama naye alitabasamu, na Haji hajasema kama ni afya ya Amman au ya Casablanca —