Mzinga Uko Kushoto, Injinia

Ijumaa, Septemba 2012
Al Mansoura, Doha

Leo jua halikuwaka, lilichemka. Unatoka bafuni msafi, ukifika chini ya ngazi blauzi imeshakushika mgongoni. Nilitoka hivyo asubuhi kwenda mtaa wa Najma, nimeloa jasho, nina furaha ya kijinga. Naiandika hiyo furaha hapa kwa sababu ndiyo mara ya mwisho ilionekana.

Sasa ni jioni. Ndege yangu iko mezani mbele yangu, imeharibiwa na mjinga.

Nianze na mjinga mwenyewe. Anaitwa Mutiso, lakini ukimwita Mutiso haitiki, sharti useme Injinia. Uinjinia wenyewe sijawahi kuuona. Anauza milango ya alumini, kazi halali kabisa, ila yeye haimtoshi. Ni Mkenya mwenzangu, bahati mbaya. Ana kompresa ya kupulizia rangi, ana chumba cha ziada, na anaamini kwamba mwenye kompresa ndiye mwenye akili. Kila Ijumaa sisi tunaounda ndege za plastiki hukutana kwake Najma, tukinywa chai yake nyepesi tukimsikiliza akisahihisha watu.

Naam, huwa naunda ndege za kivita za plastiki. Wenzangu wa mapokezi hotelini, pale Al Sadd, waliposikia hivyo waliniuliza kama nina mtoto. Sina. Wakacheka, wakarudi kwenye simu zao kuangalia viatu. Utawaeleza nini watu ambao siku ya taifa ndege za kivita zikipita juu ya bahari wanasema "ona ndege"? Ndege gani? Ndege tu. Haya.

Lakini hata wanaojidai kujua, wengi hawajui. Chukua F-5, zile ndege nyembamba za Kenya. Mtu atakuambia F-5 ni F-5. Wacha we! E ina kiti kimoja na mizinga miwili puani. F ina viti viwili, na kwa kuwa walihitaji nafasi, mzinga mmoja ukaondolewa, ukabaki wa kushoto. B ni ya zamani, nayo ina viti viwili, ila haina mzinga hata mmoja. Si hesabu ngumu. Inafundishika kwa muda wa kumenya viazi, maana mimi ndivyo nilivyofundishwa.

Aliyenifundisha ni Baba. Alikuwa fundi wa ndege hizo Nanyuki, na Jumapili akimsaidia Mama jikoni alikuwa ananichongea pua za ndege kwa viazi. Hii gani? F. Mzinga uko wapi? Kushoto. Nikikosea kiazi kinaingia sufuriani, nikipata naruhusiwa kukaa nacho mpaka kigeuke cheusi.

Baba hajaniambia neno tangu nije Qatar.

Alitaka nijiunge na jeshi la anga, na alikuwa ameshawatangazia majirani. Mimi nikasema nimepata kazi ya hoteli. Akasema yeye hakulea mtu wa kubebea Waarabu mabegi. Nikamwambia ni kazi ya mapokezi, si ya mabegi. Akanyamaza, na bado amenyamaza. Nikimpigia Mama namsikia kule nyuma akipunguza sauti ya runinga ili asikie vizuri. Lakini simu haishiki, ng'o! Ana dharau yule mzee, na mimi nimeirithi yote, pamoja na paji la uso.

Kwa hiyo nikaunda F. Ya viti viwili, kijani na kahawia, mzinga mmoja kushoto. Nimeihangaikia tangu kabla ya Ramadhani, kila nikitoka zamu. Radhi sikutaka kumwomba kwa sababu sioni kosa langu, na yeye hataniomba kwa sababu haoni lake. Lakini ndege iliyo sawa mpaka msumari wa mwisho angeielewa. Binamu yangu Shiru anasafiri kesho asubuhi kwenda nyumbani, na alikubali kuibeba mkononi.

Ilibaki vanishi peke yake. Jumanne nikampelekea Mutiso anipulizie, kwa sababu ya hiyo kompresa yake. Sisi tuna adabu moja tu, na hata watoto wake wanaijua: ndege ya mtu haiguswi. Unaweza kuicheka, unaweza kumwambia mwenyewe mpaka alie, lakini mkono wako unakaa mfukoni.

Leo nimefika nikamkuta mlangoni anatabasamu.

"Nimekusahihishia, dada," akasema. "Karibu uaibike mbele ya watu."

Nilidhani anatania. Kisha nikaiona. Tundu la mzinga la kushoto ameliziba, akalipiga msasa mpaka likalainika kama shavu. Kulia ametoboa jingine. Juu yake akapaka kahawia ambayo si kahawia yangu, ni rangi ya kiatu cha karani, na juu ya kila kitu, vanishi! Yaani kosa lake sasa linang'aa.

Nikamuuliza nani alimtuma. Akanipeleka ukutani kwa madaha, kuna picha ameichapisha kutoka kwenye intaneti. Kweli ni F. Kweli mzinga unaonekana kulia. "Picha haidanganyi," akasema, na kidole amekiinua juu.

Niliiangalia kwa muda ambao mtu anatumia kukunja leso. Kando ya pua ya ndege amesimama fundi mmoja. Mfuko wa shati lake uko kulia. Vifungo vimefungwa kike. Mimi navaa sare kila siku ya Mungu na nimesimama na wanaume wenye sare kila siku, najua shati la mwanamume linafungwaje. Mtu aliyeiweka picha hiyo aliigeuza, kulia ikawa kushoto, labda kwa sababu ilipendeza zaidi kwenye ukurasa wake. Nikamwonyesha Mutiso lile shati.

"Labda alikuwa amevaa la dada yake," akasema.

Wakacheka. Wenzetu wa Ijumaa, wanaume wazima, wote wana macho, wamecheka.

Okello peke yake hakucheka, alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Ni Mganda, analinda jengo moja huku huku Mansoura, na huwa namheshimu kuliko wengine. Kumbe Jumatano alikuwepo wakati msasa unapita. Aliniambia tukivaa viatu mlangoni, kwa sauti ya chini, "Sister, nilidhani mmekubaliana." Ulidhani! Mtu analipwa kwa kukesha akiangalia mlango usiku kucha, halafu ndege yangu inachunwa ngozi mbele yake mchana, na yeye anadhani. Huyo nitamsamehe, lakini si wiki hii.

Mutiso hakuomba radhi. Alitaka nimshukuru. Ndicho kinachoniwasha zaidi, kwamba pale alipo anajiona amenitendea wema, na Ijumaa ijayo atamsimulia mgeni fulani jinsi alivyomwokoa msichana wa hoteli. Sikupiga kelele. Nilimwambia mzinga uko kushoto, Injinia, nikaichukua ndege yangu, nikashuka. Kwenye teksi nimeipakata mapajani, dereva akauliza ni ya mtoto. Nikamwambia ndiyo, maana nilikuwa nimechoka kuelimisha watu.

Nimelia. Naliandika wazi, kwa kuwa hakuna anayesoma blogu hii ila mimi na watu waliopotea njia.

Kuirekebisha inawezekana, lakini si kabla ya kesho asubuhi. Nikwangue vanishi, nizibe kulia, nitoboe kushoto, nitafute ile kahawia tena, na kila hatua inataka kukauka. Katika unyevu huu hakuna kinachokauka ila koo langu. Hata hivyo nilitoa msasa. Nikaukata kipande, nikakilowesha, nikaishika pua ya ndege, nikaona kwa hasira hii nitamaliza kazi aliyoianza Mutiso.

Nikampigia Shiru kumwambia asipitie, hakuna cha kubeba tena. Nikamweleza. Shiru ni mtu mzuri lakini hajawahi kuangalia kitu mara mbili maishani mwake.

"Aki wewe! Si ni kitundu tu? Nani ataangalia?"

Nani ataangalia.

Nikakata simu nikabaki nimeishika ndege mkononi. Ataangalia Baba, huyo ndiye ataangalia. Hilo ndilo lililokuwa linanitesa tangu Najma, na nimekaa nalo hapa mpaka likaanza kuniambia kitu kingine.

Namjua yule mzee. Nikimpelekea ndege isiyo na kosa, ataigeuza mara mbili, ataiweka kabatini karibu na vikombe vya wageni, kisha atamwambia Mama, "Mwambie imefika." Basi. Khalas. Hatakuwa na la kusema, na mtu asiye na la kusema hapigi simu. Ningekuwa nimemfungia mdomo kwa mikono yangu mwenyewe, kwa miezi yote hiyo ya gundi.

Lakini mzinga kulia? Kwenye F? Kutoka kwa mtoto aliyemchongea viazi yeye mwenyewe? Hawezi kulala nyumba moja na kitu hicho. Na hawezi kumtuma Mama anifikishie, kwa sababu Mama hatofautishi E na F, atavuruga, na yeye kusikia mtu akivuruga mambo ya ndege hawezi kuvumilia hata kidogo. Itabidi amnyang'anye simu. Ataniita mjinga. Ataniuliza kama nimepofuka huku, kama hoteli imenila akili, kama nilikuwa nasikiliza nilipokuwa nafundishwa au nilikuwa nangoja tu viazi viive. Mimi sitajitetea. Mutiso sitamtaja, sitampa heshima ya kuingia kwenye simu hiyo. Nitanyamaza nimsikilize mpaka salio lake liishe, kisha nimpigie mimi.

Nimeurudisha msasa kwenye mkebe. Ndege nimeifunga kwa taulo, nikaitia kwenye sanduku la viatu, nikampigia Shiru tena: apitie alfajiri, asieleze chochote, ampe tu mkononi, na ahakikishe Mzee amevaa miwani.