Kioo Cheusi na Mashine ya Sweta

Jumanne, 4 Machi
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mabosi watatu, daktari aliyenikataza chumvi, na mashine mbili za kufuma. Hii ya tatu bado inafuma sweta, ikiamrishwa na kompyuta kuukuu. Ukiiwasha tu, linafunguka lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Herufi nyeupe, ndogo kama mayai ya chawa! Leo nimeamua kuzikuza mwenyewe. Nikaingia kwenye mipangilio. Nikachagua skrini nzima. Halafu rangi ya herufi — nikabonyeza nyeusi, maana wino mweusi ndio unaosomeka.

Giza.

Jumatano, 5 Machi
Nimezima, nimewasha, mara sita. Giza lile lile. Binti yangu kauliza, Baba umegusa nini? Nikamwambia sijagusa kitu. Sweta arobaini za shule zinatakiwa wiki ijayo.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa kompyuta kaja, kitambi mbele, yeye nyuma. Kabadilisha kioo — bado cheusi. Eti, mzee wangu, hii imekufa, nunueni mpya. Mpya haina tundu la ule waya mnene wa mashine yangu! Binti kadakia: basi Baba upumzike, mashine tuiuze chuma chakavu. Nipumzike! Nani kasema nimechoka?

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi fundi kaja kuibeba mashine. Binti kamshikia mlango. Nikasema, ngojeni kwanza. Kusoma nasoma kwa kuburuta kidole, kweli. Lakini kwenye ile kompyuta sijawahi kutegemea macho — miaka kumi na tisa vidole vinakwenda vyenyewe. Nikawasha. Nikasubiri feni itulie. Nikachapa amri ya kufuma: herufi sita, nafasi, saizi thelathini na mbili, enta.

Kra-kra-kra! Mashine inafuma!

Fundi kaduwaa. "Mzee, wewe unaona gizani?"

"Wewe ulijifunza kwa macho, mwanangu. Mimi nilijifunza kwa vidole."

Binti kacheka mpaka kakaa chini. Habari ya chuma chakavu sijaisikia tena.

Sasa fundi kagundua: kompyuta nzima kabisa, ila herufi nyeusi zimekaa juu ya weusi. Kuzirudisha ni dakika mbili. Anauliza kimoja tu — nani aliyechagua hiyo rangi? Binti ananitazama. Najifanya naandika hesabu ya mistari kwenye daftari hili. Mkono wa kwanza wa sweta unashuka, umenyooka.

Anayebisha kwamba nimefuma bila kuona herufi hata moja, awaulize hawa wawili, wamesimama hapa hapa. Habari ya rangi asiwaulize.