Taa Tisa za Baba Zilizokataa Kuwaka

14 Hickory Hollow,
Knoxville, Tennessee.
19 Oktoba, 2019

Mpendwa Shangazi Verlene,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile nyonga uliyopasuliwa imeacha kukukosesha usingizi. Theluji imeshaanza huko Anchorage? Huku majani ndiyo kwanza yanageuka rangi, na mchana bado tunatembea bila makoti. Mimi sijambo. Baba naye hana ugonjwa wowote wa kumlaza kitandani. Daktari alimpima juzi akasema moyo wake una nguvu kuliko wa watu wengi wa miaka sitini, na yeye ana themanini na moja.

Najua hapo ndipo penye swali lako. Uliniuliza kwenye simu: kama kaka yako si mgonjwa, imekuwaje akubali kwenda kukaa nyumba ya wazee, yeye aliyeapa kwamba atatoka kwake akiwa amebebwa? Nikakujibu kwamba alichoka. Nilikudanganya, Shangazi. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu sitaki kukusikia ukinyamaza.

Unazikumbuka taa za bustani pale nyumbani, zile kumi na moja za shaba zilizofuata njia kutoka barabarani mpaka mlangoni. Ulipokuja kumzika Mama ulizisifu. Baba alizifunga mwenyewe mwaka ule Mama alipofanyiwa upasuaji wa magoti, ili azione vizuri zile ngazi za njiani. Umeme wake ni mdogo, volti kumi na mbili tu, na waya wake umefukiwa kiasi cha shubiri moja chini ya matandazo, yale maganda ya miti yanayofunika udongo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomlisha miaka arobaini, kuwawekea watu wengine mwanga kwenye bustani zao.

Mwaka huu zilianza kuzima moja baada ya nyingine, na mwezi wa nane haikubaki hata moja. Kaka yangu Garth akaleta mtu wa bustani, kijana nadhifu mwenye kompyuta mkononi, aliyepita njia nzima bila hata kuinama, akasema dawa ni kung'oa zote na kuweka mpya. Baba alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa.

"Kang'oe za kwenu," akamwambia. "Hizi hazijafa. Zimeshika kutu tu."

Garth hakuwa na haja na taa. Alitaka nyumba iuzwe, na vitabu vya picha vya nyumba za wazee alikuwa navyo garini tangu Pasaka. Sababu za kusema alikuwa nazo. Baba alishasahau jiko likiwaka mara mbili, na siku moja alipotea akitoka posta. Hayo ni kweli, siyakatai. Lakini alikuwa anajipikia, anajifulia, na kila asubuhi anasoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho.

Na mimi nikwambie yangu. Miaka mitatu tangu Mama afariki nilikuwa napita pale kila siku nikitoka kazini. Nilifika mahali nikisikia tu anavyokohoa kusafisha koo kabla ya kuongea, nasikia chuki. Sikumwambia mtu. Nilikuwa namkatia nyama yake huku natabasamu.

Jumapili moja tukiwa mezani, tunakula kuku na viazi vya kuponda, Garth akamwambia mbele yangu, "Haya, fundi. Zitengeneze. Jumapili ijayo zikiwaka zote, sitataja tena nyumba ya wazee maishani mwangu. Zisipowaka, unafunga mizigo bila maneno."

"Na wewe utakuja kuziona?" Baba akauliza.

"Nitakuja na kiti changu."

Baba akafuta mkono kwa kitambaa, akampa. Walishikana mikono juu ya bakuli la viazi, Shangazi, kama wanunuzi wa gari bovu. Nami nikaenda kuleta mchuzi.

Wiki ile sijawahi kumwona vile. Alizichomoa taa zote akazipanga kwenye meza ya jikoni juu ya magazeti. Ndani ya soketi kulikuwa na kutu ya kijani; akaisugua kwa msasa uliokunjwa kwenye ncha ya penseli. Vioo akaviosha kwa siki. Kila taa akaijaribu kwa betri, na ikiwaka aliipigapiga mgongoni kama mtoto aliyecheua. Kisha akatoka nje kufukua viungio vya waya. Vilikuwa vimeoza karibu vyote. Akakata ncha zilizooza, akasokota waya mpya, akavipaka grisi ili maji yasiingie tena. Kazi yote hiyo alipiga magoti, na mikono yake inavyotetemeka, bisibisi ilimchoma mara nyingi mpaka vidole vikajaa plasta.

Garth alikuwa anapita jioni kumtazama. Hakumsaidia hata kubeba kiti. "Profesa wa kutu, umefika taa ya ngapi?" Siku ya Jumatano Baba alishindwa kuinuka kutoka chini, akawa anajishika kwenye ukingo wa ngazi, na Garth akatoa simu akamrekodi. "Vipi Mzee, umeota mizizi?"

"Na wewe hata tairi likipasuka unampigia mkeo," Baba akamjibu kutoka palepale chini.

Garth alicheka sana. Mimi pia nilicheka. Video ile aliituma kwa binamu wote, huenda hata wewe ulitumiwa. Ukiwa nayo, tafadhali ifute.

Ijumaa jioni simu yangu ikalia. Sikuwahi kumsikia Baba akipaza sauti kwa furaha tangu Mama afe. "Noreen! Zote kumi na moja! Zote, mwanangu! Nimekaa hapa nje nazitazama kama mjinga!" Nikamwambia hongera. Akasema nisimwambie Garth, anataka kumwona uso Jumapili.

Nilipokata, nilimpigia Garth nikamwambia.

Akaniambia, "Kesho asubuhi mpeleke kinyozi. Akae nje ya nyumba kwa muda wa saa mbili hivi." Sikumuuliza kwa nini. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea, maana nikisema sikujua, nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo.

Kwa kinyozi Baba aliwasimulia watu wote habari za taa zake. Kinyozi akampunguza na nyusi bure ili apendeze kwa ajili ya Jumapili.

Basi Jumapili giza lilipoanza kuingia, Garth alikuja kweli na kiti chake cha kukunja, akakiweka barabarani mbele ya nyumba. Baba alikuwa amevaa shati jeupe. Akaenda ukutani kwenye gereji, akawasha swichi. Taa mbili za kwanza zikawaka. Tisa zikabaki giza.

Akazima, akawasha tena. Zilezile mbili.

Garth akapiga makofi polepole. "Mbili kati ya kumi na moja! Hata shuleni ni sifuri, Mzee."

"Ziliwaka Ijumaa," Baba akasema. "Zote."

"Ziliwaka kichwani mwako."

Baba alichukua testa yake ya kupimia umeme, akafuata njia, akapima taa ya kwanza, ya pili, kisha akachuchumaa karibu na kichaka cha waridi kabla ya taa ya tatu. Akaingiza mkono kwenye matandazo. Alikaa vile muda mrefu ametugeuzia mgongo. Nilidhani anapumzika. Aliposimama hakumtazama Garth hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Noreen, nilikupigia simu Ijumaa. Si nilikupigia?"

Shangazi, ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe dogo. Nilimtazama mtu niliyekuwa namkatia nyama miaka mitatu, nikafikiria Jumatatu, na Jumanne, na kile kikohozi chake, nikasema, "Hapana, Baba. Hukunipigia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei akairidhia. "Basi nimeshindwa," akasema. Akaingia ndani kutafuta sanduku.

Tulimhamisha Alhamisi. Chumba chake kina dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Ana kitanda, kiti, na televisheni ambayo mwenzake wa chumba haizimi. Hakulalamika. Alipoulizwa na muuguzi kwa nini amekuja, alijibu, "Kichwa changu kimeanza kunichezea."

Wiki tatu baadaye, dalali alitaka kuleta watu waione nyumba jioni. Nikaenda na sepetu. Pale kwenye waridi, sikuchimba hata shubiri. Waya ulikuwa umekatwa kwa plaisi, mkato safi, ncha zote mbili zimesukumwa udongoni na matandazo yakasawazishwa juu. Nikaziunganisha kama nilivyomwona Baba akifanya, nikapaka grisi. Nilipowasha swichi, taa zote kumi na moja ziliwaka mpaka mlangoni. Hakuna hata moja iliyopepesa. Kazi yake ilikuwa nzima.

Nilimpigia Garth nikilia. Akasema, "Vizuri. Wanunuzi watazipenda." Na walizipenda. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema ndizo zilizomfanya aichague nyumba.

Kesho yake nikaenda kwa Baba. Nilitaka kuutua mzigo, nikajidanganya kwamba naenda kumrudishia heshima yake. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia waya ulikatwa, nani alikata, na jinsi nilivyompeleka kwa kinyozi ili ukatwe.

Aliniacha nimalize. "Waya niliushika palepale Jumapili," akasema. "Miaka arobaini, nisiujue mkato wa plaisi? Ya Garth niliyajua. Garth ni Garth."

Nikamuuliza, sasa mbona hakusema? Mbona alikubali kuja huku?

"Kwa sababu ya simu," akasema. "Niliona kuna mambo mawili. Ama nilikupigia na wewe umenikana, ama sikukupigia na akili yangu imekwisha. Nikachagua akili imekwisha. Nimekaa humu kila siku nikimwomba Mungu iwe niliota." Akaigeuza mikono yake akaitazama. "Kumbe nilikupigia."

Nimeshakwenda mara nne tangu siku hiyo. Anasimama nikiingia, ananipa mkono, ananiambia asante kwa kuja, bibie, kwa adabu ileile anayompa mama anayeleta dawa. Wauguzi wamenivuta pembeni kunifariji, wanasema ndivyo ugonjwa wa kusahau unavyoanza, mtu huanza na wale wa karibu. Nawaitikia. Lakini jina la mbwa wako analikumbuka na kumwambia kila mtu, na tarehe ya kuzaliwa kwako pia.

Shangazi, nakuomba umpigie. Saa kumi jioni ya kwetu huwa amemaliza chai na yuko peke yake. Usinitetee, na usinitaje. Mwulize habari za kazi zake za zamani, anapenda kuulizwa. Na ukiona unaweza kumchukua akaishi kwako, hata majira ya joto tu, sema, nami nitamfungia mizigo usiku huohuo na kumpeleka mpaka mlango wa ndege. Garth hana kauli tena juu ya hilo, na mimi sistahili kuwa nayo.

Nisalimie Mjomba Orrin na umwambie apunguze chumvi. Nisalimie Dwight na mkewe, na umpe pongezi Lorelei kwa mtoto mchanga. Mungu awalinde na baridi ya huko, aifunge mifupa yako vizuri, na akujalie siku nyingi kuliko tulizomwachia kaka yako.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye, ukikubali bado kupendwa nami,

Noreen