Binti Yako Amelala

Galbet, Garissa

Ndugu yangu Abdisamad,

Assalaam aleikum. Kosa la wengi wetu ni kudhani usingizi ni uvivu. Nitalirudia hilo, lakini kwanza nakujulia hali wewe, wifi yangu Nurto, na shamba lenu hapo Rhamu. Sisi ni wazima, alhamdulillah, ila joto halina adabu. Naandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Maneno yako yamenifikia. Umesikia kwamba taa zangu huzimwa mapema, ukasema kwamba nyumba ya dada yako mwalimu imegeuka kuwa gesti ya wavivu, na kwamba wewe, katika umri wa binti yako Ilhan, ulikesha ukiwalinda ngamia wasiliwe na fisi. Kweli ulikesha. Umesahau tu kwamba mchana ulilala kivulini, na mama akatufukuza tusikuamshe. Na Ilhan analinda nini? Kitabu cha baiolojia hakiliwi na fisi.

Alipokuja kwangu alikuwa akisoma hadi alfajiri, kama ulivyomwamuru. Asubuhi moja alisinzia akimimina chai, ikamuunguza mkono. Alama zake nazo zikashuka. Nikamweleza, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu miaka yote, kwamba mtu akilala ndipo ubongo unapoyapanga aliyojifunza mchana, na mwili unapojitengeneza. Asiyelala husahau, huugua upesi, hugombana na kila mtu, na baadaye shinikizo la damu humnyemelea. Aliniita eddo, shangazi yake, akasema anaelewa, lakini aabo wake, yaani wewe, akisikia amelala atamtoa shule.

Sasa nisikilize. Ule ujumbe unaoupata kila usiku, kwamba bado anasoma, ukamjibu kwa dua ndefu, mimi ndiye huuandika. Simu yake iko chini ya mto wangu. Ilhan husoma jioni, huswali Isha, kisha hulala. Katika mtihani uliopita amekuwa wa tatu darasani.

Siombi radhi. Ukitaka kumtoa shule, panda basi uje. Utanikuta nimesimama mlangoni. Ila uje mchana. Usiku sifungui, mtoto amelala.

Nurto ameniambia kwamba hata wewe hulali. Unakaa na simu mkononi ukiungoja ujumbe huo, na siku hizi kichwa kinakugonga. Kuanzia leo ujumbe huo hautakuja tena. Nisalimie watoto wote, na Mungu awalinde.

Na wewe, walaal, ndugu yangu, ukimaliza Isha leo, zima simu ulale.

Dada yako mkubwa,
Arbia