Kilichoshikana Ndani ya Tumbo

Jumatatu, 4 Machi

Ng'ombe wawili kutoka Walungu. Mmoja mnono, mmoja mifupa mitupu. Nilishapasua paja la kwanza kabla soko la Kadutu halijajaa. Mvua. Maji mekundu yanateremka kati ya meza na kuingia kwenye sandali.

Halafu damu ikaja. Yangu. Nilijua kabla ya kuiona, kwa yale maumivu ya upande wa kushoto yanayovuta mpaka mguu unakufa ganzi. Niliegemea kigogo cha kukatia nyama. Kuna mama alikuwa anangoja mbavu zake, nikamkatia. Nilishusha shoka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kipande cha mfupa kikamrukia shavuni. Akajifuta, akachukua mbavu zake.

Mtoto wangu Ansima ana miaka mitano. Alitolewa tumboni kwa kisu. Kidonda kikaoza, wakanifungua tena, wakanisafisha, wakanishona. Tangu siku ile hakuna mimba. Kila mwezi damu. Kila mwezi nataka kuvunja kitu.

Jumanne, 5 Machi

Hospitali, kuchukua majibu ya ile picha ya dawa waliyonipiga tumboni. Docteur ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Aliiweka picha kwenye mwanga.

"Maman, vitu vya ndani vimeshikana. Kidonda kilipona vibaya. Mrija wa kizazi wa kushoto umefungwa. Wa kulia umevutwa nyuma ya utumbo. Hakuna kidonge cha kufungua hiyo. Ni operesheni."

Nilimwelewa. Nimeona ng'ombe wa namna hiyo, aliyewahi kupigwa pembe: utumbo umegandana na ukuta wa tumbo. Ukivuta kwa mkono, unachanika.

"Nikifanya, nitapata mutoto?"

"Siwezi kukuahidi."

Nilimpenda kwa hilo. Wengine wote wameniahidi.

Nilimwambia Bahati alipotoka kazini. Mume wangu anachomelea milango ya chuma, macho yake huwa mekundu jioni. Aliuliza kama ni ile operesheni ya kwanza ndiyo iliyoharibu. Nikasema ndiyo. Akala. Akatoka nje na simu. Anampigia mama yake. Kila kitu cha tumbo langu lazima kifike kwa mama yake.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekuja. Mama mkwe na Bisimwa, kaka mkubwa wa Bahati. Mimi nilikuwa nakata vitunguu.

"Kisu ndiyo iliharibu hiyo tumbo," mama mkwe akasema. "Na unataka kisu ingine? Ku Walungu kuko mumama mwenye kukanda. Amefungua banawake wengi."

Nikamwambia docteur amekataza mtu yeyote kunikanda.

Bisimwa hakunitazama. Alimwambia ndugu yake, "Shamba yenye haitoe, mutu anatafuta ingine."

Niliendelea kukata. Nikajikata kidole. Bahati alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni. Nilingoja aseme neno moja. Lolote. Timu yake ilifungwa, hapo ndipo aliposema kitu.

Namchukia leo. Naandika ili nisisahau.

Jumapili, 10 Machi

Siwezi kukaa wima. Naandika hata hivyo.

Baada ya misa mama mkwe alituita kula kwa Bisimwa, Bagira. Bahati akasema niende na mama, yeye atapita kwanza kwa rafiki yake. Ansima alibaki kwa jirani. Namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Hakukuwa na chakula. Kulikuwa na mkeka, beseni la maji ya moto na mwanamke mzee mwenye mikono kama ya mwanaume. Nikageuka. Bisimwa alikuwa ameshafunga mlango na kusimama nje. Mke wake akanikamata mkono wa kulia, mama mkwe wa kushoto, wakanilaza kwenye mkeka.

"Vumilia kidogo, mutoto wangu. Ni kwa ajili yako," mama mkwe akasema.

Mzee alipiga goti juu ya tumbo langu. Akakandamiza kwa ngumi, chini, pale kwenye kovu, kama mtu anayekanda udongo wa matofali. Nilipiga kelele. Majirani walisikia, nina hakika walisikia. Aliendelea. Kitu ndani kikaachia. Nilisikia kikiachia, kama kitambaa kinachochanwa.

Nikamng'ata mama mkwe. Niling'ata mpaka meno yakakutana na mfupa. Aliponiachia nilipata beseni, nikampiga nalo mzee usoni. Akaanguka na pua yake inamwaga damu. Mlango ukafunguka. Bisimwa alinishika nywele, akanitupa nje kwenye matope.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria. Dereva aliniona nimeshika tumbo. Alienda polepole kwenye mashimo.

Jumanne, 12 Machi

Homa. Damu nyeusi. Sikwenda bucha.

Bahati ananiletea chai na hakai.

Alhamisi, 14 Machi

Nimesimama kwa miguu yangu. Homa imeshuka. Nilimwuliza Bahati jikoni, Ansima akiwa shuleni.

"Ulijua?"

Alitazama sakafu. "Mama alisema haitauma sana."

Mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ulikuwa karibu. Nilimpiga begani. Nikampiga mara ya pili, mgongoni, akapiga magoti. Ningempiga kichwani. Nilikuwa nimeshainua. Hakujikinga, ndiyo maana nikaacha. Ningekuwa muuaji leo kama angejikinga.

"Piga," akasema.

Nikautupa mchi nje, ukateremka mlimani na kugonga bati la jirani. Tulikaa chini sote wawili. Alilia. Mimi sikulia. Nilimwambia kitu kiliachia ndani, na kwamba kama nitakufa, aliyeniua ni yeye, mama yake atakuwa msaidizi tu.

Ijumaa, 15 Machi

Amekwenda Bagira. Sikumtuma. Amerudi na shati limechanika na vidole vimevimba. Anasema amemvunja Bisimwa meno mbele ya mama yao. Anasema mama yao alimlaani.

Nilimfunga vidole kwa kitambaa. Nilifurahi. Kuna watu wangesema si vizuri kufurahi. Nilifurahi.

Jumamosi, 16 Machi

Nilirudi bucha. Tumbo limejaa, sijui limejaa nini. Nilikuwa nimekaa, nakata maini tu.

Bisimwa akaja na panga. Mdomo umevimba, macho ya mtu aliyekunywa tangu alfajiri. Watu wakampisha njia.

"Leo nitakupasua mi mwenyewe. Tuone iko nini mu hiyo tumbo."

Nilisimama. Shoka liko mkononi, sikumbuki kulichukua. Maman Riziki, wa meza ya jirani, naye akasimama na kisu chake kirefu. Halafu wa meza iliyofuata. Halafu wote, wanawake wa safu nzima, aproni zao zina damu, kila mmoja na kisu. Nilisikia mvua kwenye mabati.

Akanishushia panga. Lilikata paja la ng'ombe lililokuwa limening'inia, paja likaanguka kati yetu. Nilimpiga mkononi kwa mgongo wa shoka. Mfupa ulilia. Panga likaanguka.

Hapo soko likamwangukia. Ngumi, mateke, mawe ya mizani. Mtu akaita petroli, wamchome. Yeye akaniita mimi, "Mama Ansima, Mama Ansima," kwa ule mdomo uliovunjika.

Nilichelewa kusema. Makusudi. Nilimtazama anavyopigwa na nikawaza mikono ya mkewe juu ya mkono wangu, na mlango uliofungwa. Halafu mwenye petroli akafika na kidumu. Nikapanda juu ya kigogo.

"Inatosha. Ni baba mukubwa wa mutoto wangu. Inatosha."

Maman Riziki akampokonya yule mtu kidumu. Polisi wakamchukua Bisimwa, wakamburuta kwa miguu. Nilitapika nyuma ya bucha. Kijani.

Jumapili, 17 Machi

Natapika kila kitu. Hata maji. Tumbo gumu kama ngoma. Bahati ameenda kuita moto.

Alhamisi, 21 Machi

Hospitali. Leo ndiyo ninaweza kushika kalamu.

Nakumbuka vipande. Bahati nyuma yangu kwenye moto, ananishikilia nisianguke, matope mpaka magotini. Mwanga mweupe. Docteur yule yule anabonyeza kwa vidole viwili tu, na mimi nataka kumuua. Akasema utumbo umejinyonga pale uliposhikana, lazima wafungue sasa hivi. Si kwa kamera na tundu dogo. Kwa kisu, pale pale pa zamani.

Alikuwa na karatasi ya kusaini. Akamwuliza Bahati: kama kizazi kitahatarisha maisha ya maman, tukitoe?

Bahati akasema, "Muulize yeye. Tumbo ni yake."

Docteur akainama kwangu. Niliona nywele zimetoka kwenye kofia yake. Miaka mitano nimeipigania nyama hii. Nimeinywea mizizi, nimeifungia na kuiombea, nimeilalia chali miguu ukutani.

"Toa," nikasema. "Niko na mutoto nyumbani."

Nilipoamka niliuliza kabla ya kuomba maji. Kizazi kipo. Utumbo wameukata kidogo na kuuunga. Mrija wa kushoto wameutoa, ulikuwa umejaa usaha. Wa kulia, docteur aliutenganisha taratibu na utumbo. Anasema uko wazi.

"Lakini kushikana kunaweza kurudi, maman. Ngoja miezi miwili, kisha mujaribu. Musingoje miaka."

Mama mkwe alikuja jana. Alisimama mlangoni na mkono umefungwa bendeji, pale nilipomng'ata. Alileta uji. Bahati alisimama, akachukua uji, akamwambia arudi nyumbani.

"Mimi ni mama yako," akasema.

"Ninajua. Rudi nyumbani."

Mama mkwe alinitazama mimi. Nilimtazama pia. Ninataka aumie. Ninataka aishi muda mrefu na aumie. Uji nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Jumapili, 14 Aprili

Niko kijijini Nyantende, kwa mama yangu mzazi. Nilimwambia Bahati sirudi Kadutu kwa sasa. Ansima amekuja na mimi. Bahati hakubisha.

Nimeshtaki kwa kile walichonifanyia Bagira. Mama yangu hakutaka. Anasema damu za familia hazipelekwi kwa jaji. Nikamwonyesha kovu jipya. Kesho yake akanisindikiza. Yule mkandaji ametoroka Walungu, hajulikani alipo. Bisimwa yuko gerezani kwa ajili ya lile panga. Mkewe alinipigia simu akilia kwamba watoto hawana wa kuwalisha. Nilikata simu. Halafu nikalia mpaka nikashika kovu lisipasuke. Mikono yake naisikia bado kwenye mkono wangu. Watoto wake nawapenda. Vyote viwili.

Usingizini naua watu. Naamka nimekunja ngumi.

Jumamosi, 4 Mei

Damu imekuja. Nilingoja yale maumivu. Nilikaa kitandani nikiyangoja kama mtu anayengoja kupigwa. Hayakuja. Damu tu, kama ya msichana.

Nilikaa pale muda mrefu. Mama akadhani nimepata habari ya msiba.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Tulivuna maharagwe wiki nzima, mimi na mama, Ansima akikimbia na kuku.

Bahati huja kila Jumapili. Mwanzo nilimwacha akae nje na mama akampelekea chakula. Baadaye akaanza kula ndani. Alinieleza leo kwamba aliita ukoo wake, akawaambia mtu yeyote atakayezungumzia tumbo la mke wake asikanyage kwake tena, hata mama. Mama yake hakuja kwenye kikao. Akasema hayo bila kunitazama, kama mtu anayesoma.

Baada ya chakula tulikaa barazani tunamenya maharagwe. Ansima alilala kwenye gunia. Nilimwambia docteur amenipima Ijumaa, ameridhika, kwamba kuanzia sasa tunaweza kujaribu.

Alimenya ganda moja, akamenya jingine.

"Unataka?" akauliza.

Hajawahi kuniuliza. Tangu tuoane, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Nilifikiri kwanza. Nilitaka kujua ni mimi ninayejibu.

"Ninataka," nikasema. "Lakini hapana leo."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea na maharagwe mpaka giza likaingia. Amekosa gari la kurudi mjini, mama amemtandikia chumba cha kaka zangu. Namsikia anakohoa. Udongo wa huku una vumbi, hajauzoea.