Sauti Iliyofagiwa Ghalani

4 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, macho ni yale yale, hayaoni na hayaumi. Hofu ni kwako na hilo fagio lako. Jana kompyuta ilijisasisha, ikanyamaza. Ile sauti inayonisomea barua zako haipo. Fundi simu anasema imeondolewa kwenye ghala la programu mtandaoni, huko huko unakojitolea kusafisha.

Hii naichapa kwa kupapasa. Jibu atanisomea mpangaji wetu, yule fundi cherehani anayesoma barua ya mtu kama ananadi mitumba. Mama yako akisoma huruka asichokipenda. Nani katoa sauti yangu?

Baba yako

9 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ila usingizi sina.

Nimeitoa mimi. Ghala la programu huria limejaa vifurushi, yaani programu moja moja, visivyo na mtunzaji. Kasoro zinaripotiwa, wa kuzirekebisha hayupo. Hicho cha sauti mwenyewe alikitelekeza zamani. Niliwatangazia wachangiaji wote kwa barua pepe, hakuna aliyepinga. Kihesabu cha watumiaji kilionyesha hakitumiwi na mtu. Ulitaka nipige ramli?

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima. Barua yako imesomwa uani, wapangaji wote wakiwepo. Alipofika kwenye usingizi, fundi cherehani akasimama: "Mzee, huyu ana mimba au ana mchumba?" Wakacheka. Mimi sikucheka.

Hakitumiwi na mtu! Nani aliyeniwekea kompyuta hii, akakizima kihesabu hicho kwa mkono wake, akisema, "Baba, usikubali kuhesabiwa na usiowajua"? Nimekutii, sasa nimekuwa si mtu. Na wenzangu wa chama cha wasioona uliwawekea vivyo hivyo. Wote mashine zao bubu. Tangazo umewapa wachangiaji. Sisi tungelisikia wapi, kwa redio?

Nina jambo la kukuuliza kuhusu mama yako. Siliulizi. Jibu lingesomwa uani.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Nawe fundi cherehani, habari za kazi, sina mimba.

Kihesabu nilikizima mimi, kisha nikakiamini. Nimekirudisha kifurushi. Wenzangu wamewaka: "Kanuni ya kutoa visivyo na mtunzaji uliitunga wewe, na wa kwanza kuivunja ni wewe?" Nimewajibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Kasoro nimezirekebisha, na jina la mtunzaji ni langu. Fundi simu asasishe.

Ila hilo neno "fagio" limeniuma, na bado nimekasirika.

Mwanao

7 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima. Sauti imerudi, bado inaongea kama yenye mafua. Barua yako nimeisikiliza peke yangu, mlango nimefunga.

Kasirika tu, hata mimi hasira yangu haijaisha. Umefagia nyumba za watu bila kupiga hodi. Hayo tutayamaliza ukija.

Sasa la mama yako. Tangu atoke hospitali anasema ameshiba, nami namsikia akirudisha chakula chote sufuriani. Wewe ndiye uliyeongea na daktari. Alisema nini? Niandikie yote. Hakuna mwingine anayesikia.

Baba yako