Chuo Nambari Arobaini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kupitia kwako namwamkia wifi yangu. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniandikia kwamba siku hizi ukiinama chini ya cherehani unainuka kwa awamu, kama ngazi ya kukunja. Nilicheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Tafadhali zipandishe mashine juu ya meza unapozitengeneza, usizifuate sakafuni. Mgongo huo huna wa akiba. Na wifi, ile dawa ya macho inamsaidia? Mwambie asiache kuitia kwa sababu tu macho yameacha kuwasha. Namjua.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionikalisha leo Jumapili na kalamu badala ya simu. Kwenye simu, ukinyamaza kidogo tu upande wa pili, mimi hubadilisha mazungumzo nikaanza kuuliza habari za majirani. Karatasi haininyamazii. Barua hii nitaituma kwa njia ya haraka. Itakufikia kabla ya wiki kwisha, na bado mtakuwa na nafasi ya kutosha kabla ya tarehe ya kuvijibu vyuo.

Barua yako niliipata, na furaha iliyokuwemo niliisikia hata kabla ya kuifungua. Umesema binti yako Msumari amekubaliwa na vyuo viwili kwa mpigo. Sisi tuliompa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa kuwa akishaingia mahali hatoki bila koleo, tungejua kwamba hatarudi mikono mitupu. Chuo kimoja ni kile chenye mnara, nambari arobaini na moja katika orodha ya vyuo bora duniani. Kingine ni cha kule bondeni, ambacho kwenye orodha hakina hata nambari yake. Kimewekwa tu na wenzake kati ya mia tatu na mia nne, kama viatu vilivyorundikwa mlangoni.

Umesema huoni cha kujadili. Umesema Mwongozo wetu wa masomo ng'ambo, ambao mimi ni mmoja wa waandishi wake, uko juu ya kaunta ya karakana yako, na kila mteja anayeleta cherehani husomewa ukurasa unaoeleza chuo cha mnara kabla hajaulizwa mashine yake inaumwa nini. Mshona mapazia amesomewa mara mbili. Halafu umelalamika kwamba binti yako, badala ya kufurahi, amekuwa mkimya, anajibu kwa kichwa, na ulipomuuliza kama hataki tena kusoma alikujibu, "Nitakwenda utakakochagua, baba." Ukamgombeza kwa kiburi.

Kaka, nakuomba usimgombeze tena mpaka umalize kusoma barua hii.

Nianze na hiyo arobaini na moja, maana ndiyo iliyokulewesha, na mimi nafanya kazi kwenye nyumba inayouza kinywaji hicho. Orodha hatuitungi sisi. Tunaichapa tu mwanzoni mwa kitabu. Wanaoitunga huhesabu tafiti za kila chuo na mara ngapi wasomi wengine wamezitaja. Huwauliza maprofesa wa mbali wanakionaje chuo fulani, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga hapo. Huhesabu walimu, huhesabu wanafunzi, wakajumlisha. Si uongo. Chuo cha mnara kina watu wanaochunguza nyota na watu wanaochunguza damu, na kazi zao zinasomwa kila pembe. Lakini nambari ile ni ya chuo kizima, na Msumari hataki nyota wala damu. Anataka kutengeneza mikono na miguu bandia, tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili na kumwona yule mteja wako aliyekatwa mkono akisukuma kitambaa kwa kigutu, nawe ukamtengenezea kishikio cha waya huku Msumari amekushikia koleo. Kwa somo kama hilo, nambari ya chuo kizima inakuambia kwamba mtaa una nyumba nzuri. Haikuambii kama chumba utakachopangishwa kinavuja.

Ndiyo sababu mwezi uliopita nilichukua likizo ya siku sita nikapanda treni kwenda kuona vyuo vyote viwili.

Chuo cha mnara ni kizuri, sitakudanganya. Nyasi zimekatwa sawasawa, maktaba haifungwi, na pale mapokezi walinipa ramani yenye rangi. Nilipouliza karakana ya viungo bandia, yule binti wa mapokezi ilibidi ampigie mtu simu. Nikaelekezwa jengo la nyuma, ghorofa ya chini. Kioo cha mlango kilikuwa kimebandikwa karatasi kwa ndani. Mtunza funguo alinifungulia kwa hisani yake tu. Meza zilikuwa zimepandishwa moja juu ya nyingine, tanuri la kulainishia plastiki limefunikwa nailoni, na kwenye sinki ya plasta kulikuwa na ndoo ya kupigia deki. Alisema pamefungwa mwaka wa tatu sasa, na panangojea kugeuzwa ukumbi wa mitihani.

Nikamtafuta mwalimu wa somo. Amebaki mmoja, mama wa makamo mwenye koti lililochakaa viwiko. Mwenzake alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Aliniambia bila kuzunguka kwamba wanafunzi wake hujifunza kwa picha kwenye skrini, na mara moja kwa mwaka hupelekwa wiki mbili kwenye karakana ya watu kushika zana. Ameandika barua za kuomba karakana irudishwe mpaka amechoka. Alisema hamfichi mzazi yeyote anayeuliza. "Lakini hawaulizi," akaniambia. "Wanakuja na kile kitabu mkononi." Sikumwambia ninafanya kazi wapi. Nilimshukuru nikatoka.

Kesho yake nikaenda bondeni. Huko hakuna ramani ya rangi. Nilielekezwa na harufu ya gundi na plasta mpaka kwenye banda refu lenye paa la bati, na ndani yake wanafunzi kama ishirini wamevaa aproni, kila mmoja mweupe mpaka kwenye nyusi. Katikati palikuwa na vyuma viwili vya kushikia, na kati yake tarishi mmoja aliyepoteza mguu alikuwa akijaribu mguu mpya. Msichana wa umri wa Msumari alikuwa amepiga magoti mbele yake na penseli, akiweka alama pale panapobana. Alimtembeza mara saba. Mara ya saba tarishi akasema panabana bado, na yule msichana akauvua mguu, akaurudisha kwenye msasa bila kununa.

Mwalimu wao wanamwita Mama Patasi, na ukimwona mikono utajua kwa nini. Nilimweleza habari za mpwa wangu. Hakuuliza alama zake. Aliuliza amewahi kutengeneza nini kwa mikono yake. Nikamsimulia kishikio cha waya, naye akauliza ngozi ya yule bwana ilikingwa vipi isichubuke. Nikakumbuka kwamba mlizungushia mpira wa baiskeli, na kwamba wazo lilikuwa la mtoto. Hapo ndipo alipotoa daftari akaandika.

Nako kuna kasoro zake, nisije nikakuuzia chuo kwa mara ya pili. Mabweni yako mbali, maktaba hufungwa mapema, na wakati wa kutafuta kazi wapo watakaoshika cheti chake na kuuliza chuo hicho ni cha wapi. Mama Patasi mwenyewe ndiye aliyeniambia hayo.

Sasa najua umefika hapa unakunja uso. Utasema, mbona kitabu kinasema vingine? Mbona kimeandikwa "karakana ya kisasa ambamo kila mwanafunzi ana meza yake, chini ya uangalizi wa karibu wa walimu waliobobea"? Maneno hayo unayajua kwa kichwa, na wateja wako wanayajua.

Kaka, maneno hayo niliyaandika mimi, hilo unalijua na ndilo unalojivunia. Usilolijua ni kwamba nilipoyaandika nilikuwa sijatia mguu katika karakana ile.

Miaka miwili iliyopita ofisi ilinipeleka kwenye chuo cha mnara kwa siku tatu. Mjini nilifika. Chuoni sikufika. Unamkumbuka yule mpiga picha niliyekuandikia kwamba huenda ningemleta nyumbani mumwone? Alikuwa na kazi katika mji ule wiki ileile. Siku ya kwanza nikajiambia nitakwenda kesho. Ya pili nikasema vilevile. Ya tatu ilikuwa ya kurudi. Pale mapokezi ya hoteli palikuwa na kijitabu cha matangazo cha chuo. Nikakichukua, na ndani ya treni nikageuza maneno yao yakawa yangu. Wao waliandika "vifaa bora", mimi nikaandika "karakana ya kisasa". Ile meza ya kila mwanafunzi niliitoa kichwani mwangu, kwa kuwa sentensi ilikuwa imekuwa fupi mno. Mpiga picha aliondoka kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Ukurasa ukabaki.

Laiti ingekuwa hayo tu. Wiki tisa zilizopita, hata kabla barua yako haijanifikia, Msumari alinipigia simu. Alikuwa amewatafuta mwenyewe kwenye mtandao wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kile, akawauliza wanashika zana saa ngapi kwa wiki. Sisi tunaochapa vitabu hatukuwahi kuuliza swali hilo. Wakamjibu kwamba hawana karakana. Akaniuliza polepole, bila kunishtaki, "Shangazi, wewe ulifika?"

Nikamwambia nilifika. Sikupepesa hata sauti. Nikaongeza kwamba wanafunzi hupenda kulalamika.

Akasema, "Sawa, shangazi. Baba ameupenda sana ukurasa wako. Sitamwambia kitu."

Alijua, kaka. Alijua kwamba namdanganya, naye akaona afadhali apoteze miaka minne mbele ya skrini kuliko kunivua nguo mbele yako. Kimya unachokiita kiburi kilikuwa ni mzigo wangu mimi, mtu mzima, niliomtwika mtoto. Nilikaa wiki kadhaa nikijidanganya kwamba labda wanafunzi wale walikosea. Ndipo nikaenda kuona.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mhariri mkuu, yule tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu hakuna siku anayoisahau. Nilitegemea atafoka. Aliuvuta ukurasa, akaupiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaniuliza ni kurasa ngapi nyingine. Nikamwambia ipo moja, nikamtajia. Akaipiga mstari nayo. Masahihisho yametolewa kwenye tovuti yetu, na kurasa hizo ataziandika upya mtu mwingine, atakayefika. Mimi nimeondolewa kwenye safari. Sasa kazi yangu ni kuhakiki anwani na nambari za simu za vyuo. Nazipiga moja moja, na zile zisizopokelewa nazifuta. Sina wa kumlaumu.

Jana nilimpigia Msumari nikamwomba radhi. Alilia, nami nikalia, hatukuelewana sana kwa dakika kadhaa. Alichokuwa anaogopa, alisema, ni nisije nikafukuzwa kazi. Akaomba kwamba nikikuandikia nisimfanye aonekane shujaa, kwa sababu mara nyingi alikuwa ananikasirikia kimoyomoyo. Nimelitia humu kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa kukasirika kwake kumenifurahisha.

Kaka, wewe uliacha shule darasa la nane ili karo iliyokuwepo inifikishe mimi mwisho. Hujawahi kulisema, hata siku tulipogombana. Najua uliposoma ukurasa ule kwa sauti mbele ya wateja hukuwa unasoma habari za chuo. Ulikuwa unawaonyesha mdogo wako amefika wapi. Ulinivika kilemba, na mimi niliyekivaa nilijua ni cha ukoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuondolewa kwenye safari.

Sikuambii umpeleke bondeni. Nimekosa haki ya kuwachagulia. Ninachoomba ni kimoja: jioni ya siku utakayoisoma barua hii, ukifunga karakana, mwite Msumari, mwambie umeshajua, kisha muulize yeye anataka kwenda wapi na kwa nini, umsikilize mpaka mwisho. Ameuliza watu wengi zaidi kuliko mimi na orodha yangu. Nambari ya simu ya Mama Patasi nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na ya yule mwalimu wa chuo cha mnara pia, kwa ridhaa yao wote wawili. Nimezihakiki. Zinapokelewa.

Ukiwa na hasira, nielekezee mimi yote, usimbakizie mtoto wala wifi. Na ukishindwa kuniandikia wiki hii, niandikie ijayo. Hata kama ni mistari miwili ya kunisema, nitaisoma nimesimama.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani wasionuna. Wifi umsomee barua hii nzima, usiruke mahali.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenisomesha.